Dhahabu au shanga: mapambo yapi yanaufaa mti wako wa Krismasi

Mtu anayepamba mti kwa mara ya kwanza, au anayetaka kubadilisha mapambo aliyoyachoka, hujikuta mbele ya makundi mawili yanayovutia kwa namna tofauti kabisa. Kuna mapambo ya rangi ya dhahabu, yaani matufe, nyota, kengele na majani yaliyopakwa au kuchovywa dhahabu, na kuna mapambo ya shanga, yaani yale yaliyotungwa punje kwa punje kwenye uzi au waya. Wengi huchagua kwa kuangalia rangi inayoonekana kwenye boksi. Mimi nimepamba kwa makundi yote mawili kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba linaloamua uzuri wa pambo, kuliko hata rangi yake, ni jinsi linavyopokea mwanga: dhahabu hurudisha mwanga unaoipiga kwa mbele, ilhali ushanga wa kioo angavu huupitisha mwanga mwilini mwake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua pambo likae wapi, liangaliwe kutoka umbali gani na liwekewe taa za aina gani.

Ndugu wa moto mmoja

Makundi haya hayako mbali kama yanavyoonekana. Katika mji wa Lauscha, kwenye milima ya Thüringen nchini Ujerumani, kiwanda cha kioo kilianzishwa mwaka 1597, na mafundi wa huko walikuwa hodari wa kutengeneza shanga za kioo kabla hawajaanza, katikati ya karne ya 19, kupuliza matufe ya kutundika kwenye mti wa Krismasi. Tufe lao lilikuwa, kwa hakika, ushanga uliopulizwa ukawa mkubwa. Baadaye walijifunza kuzungusha ndani yake myeyusho wenye nitrati ya fedha, ambao uliacha tabaka jembamba la fedha linalorudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia, na rangi ya dhahabu ikapatikana kwa kupaka vanishi ya manjano juu ya kioo hicho.

Nchini Cheki, katika kijiji cha Poniklá, kioo hichohicho kilishika njia nyingine. Fundi hupasha moto mrija mwembamba wa kioo, akaufunga ndani ya kalibu ya shaba, akapuliza, na mrija ukatoka ukiwa mlolongo wa punje zenye uwazi ndani, zilizoshikana kama njugu katika ganda. Mlolongo huo hutiwa fedha, hupakwa rangi, kisha hukatwa, na punje zake hutungwa kwenye waya kuwa nyota, mashua, malaika au baiskeli ndogo. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza kazi hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ninalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba pambo la shanga ni kazi ya mikono ya mtu anayejifunza, na kwamba pambo la kweli ni tufe linalong'aa; mapambo yote mawili yametoka katika ufundi mmoja, na yote mawili yana daraja lake la juu na la chini.

Neno "dhahabu" lina maana nyingi

Kabla ya kulinganisha, ni lazima kujua dhahabu inayozungumziwa ni ipi, kwa sababu vitu visivyopungua vitano huuzwa kwa jina hilo. Cha kwanza, na ndicho kinachopatikana kwa wingi kuliko vyote, ni plastiki iliyofunikwa kwa mvuke wa aluminiamu katika chombo kisicho na hewa, kisha ikapakwa vanishi ya manjano; hakina hata chembe ya dhahabu, lakini ni chepesi na kinang'aa sana. Cha pili ni kioo kilichotiwa fedha kwa ndani na vanishi kwa nje, kama nilivyoeleza. Cha tatu ni rangi ya dhahabu ya kupaka kwa brashi au kupuliza, ambayo mara nyingi ni unga wa shaba na zinki. Cha nne ni bamba jembamba la shaba ya manjano, lililokatwa kwa nakshi na kuchovywa dhahabu halisi kwa umeme. Cha tano ni jani la dhahabu, yaani dhahabu iliyofuliwa hadi ikabaki na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ikabandikwa juu ya mbao, kioo au karatasi ngumu.

Katika hivyo vitano, dhahabu halisi imo katika viwili vya mwisho tu, na hata hapo ni tabaka ambalo kwenye mapambo mara nyingi halifiki mikroni 1. Dhahabu yenyewe haiozi wala haibadiliki rangi, ila tabaka likiwa jembamba mno, shaba iliyo chini yake hupata hewa kupitia vitundu visivyoonekana, na madoa ya kahawia au ya kijani huanza kujitokeza pembezoni. Kuna pia majani ya bandia, yanayotengenezwa kwa shaba na zinki, ambayo siku ya kwanza huwezi kuyatofautisha na dhahabu kwa macho. Niliwahi kununua nyota sita za mbao zilizobandikwa majani ya namna hiyo nikiamini ni dhahabu. Msimu wa pili nilipozifungua, ncha ambazo vidole vilizishika zaidi zilikuwa zimepiga weusi, na alama ya kidole gumba ilionekana wazi juu ya mojawapo, mistari yake yote ikihesabika. Mbandiko wa shaba usiofunikwa kwa vanishi hauwezi kustahimili jasho la mkono. Tangu hapo huangalia mgongo wa pambo kabla ya uso wake: mahali ambapo muuzaji hakutarajia mtu apaangalie ndipo utakapoona iwapo vanishi imepakwa kote, na iwapo chini ya mng'ao kuna plastiki, mbao au madini.

Shanga nazo zina uficho wake. Ushanga ambao rangi imo ndani ya kioo chenyewe, tangu kilipoyeyushwa, hauchuji kamwe. Ushanga uliopakwa rangi kwa nje, uliotiwa rangi kwenye tundu lake, au uliofunikwa kwa tabaka jembamba la madini ili ufanane na dhahabu au fedha, huweza kuchuja kwa jua au kuchunika kwa kusuguliwa. Jaribio lake ni rahisi: chovya kipande cha pamba kwenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, kisha sugua punje moja iliyo mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, umejua ulichonunua. Jaribio hili ni la shanga za kioo tu, kwa sababu asetoni huyeyusha akriliki, yaani plastiki ambayo baadhi ya shanga hutengenezwa kwayo.

Mbele ya taa na nyuma ya taa

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, nami nitakaa hapa zaidi.

Chukua tufe la dhahabu lililong'arishwa, ulishike karibu na jicho. Utaona chumba kizima kimejikunja ndani yake: dirisha, mlango, uso wako mwenyewe, na kila taa ikiwa nukta moja nyeupe. Tufe hilo ni kioo mbinuko. Hukusanya kila kilicho mbele yake na kukirudisha kikiwa kidogo na cha manjano. Kwa hiyo linahitaji kitu cha kurudisha. Likiwekwa kwenye kona yenye giza, taa ikawa nyuma yake, huonekana kama duara jeusi, kwa sababu mwanga hauwezi kulipenya.

Sasa chukua nyota ya shanga angavu yenye punje 300. Kila punje ina nukta yake ya mwanga, na kwa kuwa punje hazikuelekea upande mmoja, nukta hizo huwaka na kuzimika kadiri unavyosogeza kichwa. Weka taa ndogo nyuma ya nyota hiyo, na punje hujaa mwanga kama matone ya asali yaliyoshikwa juani. Kinachoua tufe la dhahabu ndicho kinachoihuisha nyota ya shanga. Kanuni ninayoifuata, ambayo imenisaidia kuliko ushauri mwingine wowote, ni kwamba dhahabu ikae nyuma ya taa na shanga zikae mbele ya taa. Kwa vitendo, matufe ya dhahabu yanaingizwa ndani ya mti, karibu na shina, ambako yanapokea mwanga wa taa zilizo kwenye matawi na kuurudisha nje, na mti unaonekana kama una kina. Mapambo ya shanga yanatundikwa kwenye ncha za matawi, ili kati ya shanga na shina kuwe na taa.

Shanga zisizopitisha mwanga, zile zenye rangi nzito kama ya udongo au ya maziwa, hazifuati kanuni hii. Hizo huonekana tu kwa mwanga unaozipiga kwa mbele, na usiku chumba kikiwa kimezimwa taa zake hupotea kabisa ndani ya mti. Uzuri wake ni wa mchana.

Umbali nao una neno. Punje ya ushanga yenye namba 11, kwa namba zinazoonyesha ukubwa wa shanga, ina upana wa takriban milimita 2, na kitu cha upana huo kikiwa mita 7 kutoka machoni kinafikia ukingo wa uwezo wa jicho lenye afya. Maana yake ni kwamba kwenye ukumbi mkubwa, kazi yote ya fundi aliyetunga punje hizo kwa mpangilio wa rangi itaonekana kama doa la rangi moja, huku tufe la dhahabu la sentimita 10 likionekana kutoka mlangoni. Kwenye sebule ambayo watu wanakaa hatua mbili kutoka kwenye mti, mambo hugeuka: tufe lililotazamwa kwa dakika moja limekwisha kusema lililokuwa nalo, lakini pambo la shanga humrudisha mtu mara ya pili na ya tatu, akifuatilia mstari wa rangi unavyopinda.

Rangi ya taa isipuuzwe. Dhahabu hurudisha vizuri mwanga mwekundu na wa manjano na kuumeza ule wa buluu, kwa hiyo chini ya taa za LED zenye mwanga vuguvugu, kati ya kelvini 2700 na 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), huonekana nzito na tajiri, na chini ya mwanga mweupe wa kelvini 6000 hupauka kama shaba iliyochakaa. Shanga nyekundu na za rangi ya kaharabu hupendelea mwanga uleule vuguvugu. Za buluu na za kijani hupendelea mweupe. Ukiwa na taa za rangi mchanganyiko, dhahabu hukubali kila rangi bila kulalamika, lakini ushanga mwekundu ulioangukia mbele ya taa ya kijani huonekana mweusi. Mwenye taa za namna hiyo, na asiyetaka kuzibadilisha, atafute shanga zisizo na rangi, zile angavu kama maji, au achague dhahabu.

Uzito ambao tawi linaubeba

Watu wengi huamini kwamba shanga ni nyepesi kwa sababu ni ndogo. Punje za namba 11 ni nyepesi kweli: takriban 110 ndizo zinazofanya gramu 1, kwa hiyo nyota ya punje 600 haifiki gramu 6 ukiacha waya. (Kwenye namba za shanga, namba ikiwa kubwa punje huwa ndogo, punje za namba 6 ni kubwa, upana wake ukiwa kama milimita 4.) Nyota ileile ikitungwa kwa punje za namba 6 hufika gramu 50 hivi, na tawi jembamba la mti wa asili huanza kuinama.

Shida kubwa zaidi iko kwenye mkufu wa kuzungushia mti. Mti wa mita 1.8 huhitaji mkufu wa mita 18 hivi, ukifuata kipimo kinachotumiwa na wengi cha mita 3 kwa kila sentimita 30 za urefu. Mkufu wa shanga za kioo zilizojaa, zenye upana wa milimita 8, una punje 125 kwa mita moja, na kila punje ina uzito wa kama theluthi mbili za gramu. Zidisha, utapata takriban kilo 1.5 zinazoning'inia mtini kabla hujaweka pambo lingine lolote. Za akriliki zitakuwa na nusu ya uzito huo, na za kioo cha kupulizwa zenye uwazi ndani ni nyepesi zaidi. Kwa mkufu, basi, ninapendekeza akriliki bila kusita, hata kwa mtu anayependa kioo, kwa kuwa mkufu hutazamwa kwa ujumla wake, si punje kwa punje.

Matufe ya dhahabu ya plastiki na ya kioo chembamba hayana tatizo hili. Yenye tatizo ni mapambo ya shaba yaliyomiminwa kwenye kalibu yakiwa yamejaa, kwa maana shaba ya manjano ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya kioo kwa ujazo uleule. Yale ya bamba jembamba ndiyo yanayofaa.

Kinachoharibika kwanza

Katika dhahabu huharibika uso. Katika shanga huharibika kile kisichoonekana, yaani uzi.

Usiku mmoja, mti ukiwa umekwisha kupambwa na watu wakiwa wamelala, nilisikia mchirizo kama wa mchele unaomwagika sakafuni. Pambo refu la shanga, lililofanana na tone la barafu, lilikuwa limekatika, na punje zilikuwa zimetawanyika hadi chini ya kabati. Nilipoutazama uzi uliobaki kwenye ndoano niliona haukuvutwa ukakatika, bali ulikuwa umesagwa. Ncha yake ilikuwa na nyuzinyuzi, na ilikatikia kwenye mdomo wa ushanga mrefu wa mfano wa mrija. Shanga za namna hiyo hukatwa kutoka kwenye mrija wa kioo, na midomo yake huwa na makali kama isipolainishwa kwa moto. Kila upepo ulipolitikisa pambo, makali yale yaliula uzi. Fundi mzuri huweka punje ndogo ya mviringo kila upande wa ushanga mrefu ili uzi usigusane na makali, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalolitazama sasa.

Uzi wa nailoni uliopitishwa mara mbili ni bora kuliko wa pamba, ambao huoza kwa unyevu. Waya wa shaba wa milimita 0.3 au 0.4 hushika umbo la nyota au malaika kuliko uzi wowote, ila kila unapokunjwa na kunyooshwa hukakamaa, na mwishowe huvunjika. Pambo la waya lisirekebishwe umbo kila mwaka. Waya wa chuma huota kutu, na kutu hiyo hupaka doa kwenye shanga angavu kutokea ndani.

Hata hivyo pambo la shanga lina faida moja ambayo dhahabu haiwezi kuipata: linarekebishika. Punje zikiokotwa, mtu yeyote mwenye sindano nyembamba anaweza kulitunga upya. Tufe la kioo likivunjika limekwisha, na tufe la plastiki lililochunika vanishi halirudi kuwa la dhahabu kwa rangi yoyote ya kupulizia; nimejaribu, na kila mara mng'ao uligeuka kuwa ufifi.

Usafi wake nao hutofautiana. Vumbi la tufe huondolewa kwa kitambaa laini kikavu, lakini tufe la kioo lililotiwa fedha lisitumbukizwe majini, kwa sababu maji yakipenya kwenye kifuniko chake, fedha ya ndani hubanduka vipande vipande. Shanga hukusanya vumbi kwenye mianya, na brashi laini ya kupakia rangi ndiyo inayofaa.

Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa au paka anayerukia vinavyoning'inia, sina ulinganisho wa kufanya: matufe ya plastiki yakae matawi ya chini, na shanga na kioo viwekwe juu, mahali ambapo mkono haufiki. Punje iliyoanguka humezwa upesi kuliko mtu mzima anavyoweza kuiona.

Ningechagua nini

Kwa ukumbi, lango la jengo, au mahali popote ambapo mti hutazamwa na watu wanaopita, ningechukua dhahabu peke yake, nyingi ikiwa ya plastiki nzuri, nikichanganya inayong'aa na iliyofifishwa, kwa sababu tufe lililofifishwa hutuliza macho kati ya mawili yanayowaka. Kwa sebule ndogo yenye mti usiozidi mita 1.2 ningechukua shanga za kioo angavu na taa za mwanga vuguvugu, na dhahabu ningeiacha kwenye nyota ya kileleni tu. Kwa mti wa mita 1.8 uliomo nyumbani, mimi hutumia matufe 40 ya dhahabu ya ukubwa mbalimbali, zaidi ya nusu yake yakiwa ndani karibu na shina, na mapambo 20 ya shanga kwenye ncha, nikianza na taa, kisha dhahabu, na shanga zikija mwisho, ili kila moja nilitundike huku taa iliyo nyuma yake ikiwa inawaka na ninaona mara moja kama limekaa panapolifaa.

Mwenye kuweza kununua kundi moja tu mwaka huu, na ambaye mti wake uko sebuleni, anunue mapambo machache ya shanga yaliyotungwa vizuri kwa waya wa shaba, badala ya boksi kubwa la matufe. Machache hayo hayataujaza mti, na mti usiojaa unaonekana vizuri ikiwa taa zake zimepangwa kwa utulivu; nilipamba hivyo misimu mitatu.

Msimu ukiisha, mapambo ya dhahabu hufungwa moja moja kwa karatasi nyeupe isiyo na asidi, kwa kuwa wino wa gazeti huhamia kwenye vanishi, na yasifungwe kwa mpira wa kubania, maana salfa iliyomo kwenye mpira huifanya shaba na fedha kuwa nyeusi. Mapambo ya shanga hulazwa bapa, yasining'inizwe, ili uzi upumzike, na kila moja hukaguliwa mafundo yake kabla ya kuingia kwenye boksi. Ndani ya boksi hilo mimi huweka kifuko kidogo chenye punje za akiba za kila rangi, sindano moja na kipande cha waya, kwa sababu punje za rangi ileile ni nadra kupatikana tena mwaka unaofuata.